Tulivyomdhoofisha Mama kwa kumpumzisha

Mama yangu alianguka mara ya kwanza alfajiri moja ya Novemba 2021, akienda kutawadha. Nyumba yetu ipo Ngamiani, Tanga, nyumba ya zamani yenye vyumba huku na huku, ukumbi katikati, kisha ua, na bafu na choo mwisho wa ua. Kutoka kitandani kwake mpaka kwenye pipa la maji ni hatua 32. Nilizihesabu baadaye, nikitafuta ni wapi hasa palipomtupa. Ni pale ukumbi unapokwisha na sakafu inashuka ngazi moja kuingia uani. Umeme ulikuwa umekatika, amevaa kandambili zilizolika kisigino, na mkono mmoja ameshika kopo. Alitanguliza mkono wa kushoto kujizuia, kifundo kikavunjika. Alikuwa na miaka 73.

Picha, hogo, dawa na usafiri wa kwenda na kurudi hospitali vilitugharimu kama shilingi 340,000. Fedha iliuma, lakini si hiyo inayonifanya niandike. Ninaandika kwa sababu ya yale tuliyoyafanya baada ya hapo, sisi watoto wake wanne, kwa mapenzi tupu.

Tulikaa kikao kwa simu, mimi nikiwa Dar es Salaam, wengine Moshi na hapo hapo Tanga, tukakubaliana Mama asifanye kazi tena. Tukatafuta msichana wa kumsaidia, shilingi 80,000 kwa mwezi. Tukanunua kiti kikubwa cha sponji, laini, cha chini, ukikaa unazama. Mbuzi yake ya kukunia nazi tuliitia juu ya kabati. Tukamwekea ndoo chumbani ili asitoke usiku. Kila akijaribu kuinuka, sauti zilikuwa ni zile zile: Mama kaa, utaletewa. Mama pumzika, umeshatulea. Hata wajukuu walijifunza kumkimbilia: Bibi, usisimame!

Hogo lilitolewa baada ya wiki sita na mkono ukapona vizuri. Tukaendelea kumkalisha vile vile miezi minane zaidi.

Nilipokuwa nakuja likizo nilikuwa naona mambo, nayapa jina la uzee. Mapaja yalipungua mpaka kanga ilikuwa inamzunguka mara mbili. Alikuwa anatembea huku ameshika ukuta, akiburuza nyayo. Misiba ya jirani alianza kutuma salamu badala ya kwenda. Na kubwa kuliko yote, aliacha kusujudu akawa anaswali kitini. Siku moja nilimwuliza akasema, "Nikishuka, nani ataniinua?" Nilimwambia Mungu anajua nia yake, tukaishia hapo. Ningemsikiliza siku ile, nadhani tungeokoa mengi.

Agosti 2022 akaanguka tena. Safari hii ndani ya chumba, baina ya kitanda na mlango, kama saa nane za usiku. Hakuvunjika popote. Lakini alikaa sakafuni mpaka adhana ya alfajiri, kwa sababu msichana alilala chumba cha mbele na feni ilikuwa inavuma. Nilipofika jioni yake kwa basi, aliniambia neno ambalo bado nalisikia: "Mwanangu, nilikuwa nauona mguu wa kitanda. Naugusa kabisa. Sina nguvu ya kujivuta." Mwanamke aliyekuwa akibeba ndoo mbili za maji kutoka bombani, miaka si mingi nyuma, ameshindwa kujiinua kutoka kwenye sakafu ya chumba chake mwenyewe.

Hapo nikaingiwa na hofu, na mtu mwenye hofu hununua kila kitu. Nilianza na unga wa kuimarisha mifupa, makopo mawili, shilingi 180,000, kwa mtu aliyenishawishi kwa maneno mazuri. Sikuona tofauti yoyote. Nikanunua fimbo nzuri ya mninga, ndefu mno, ikawa inampandisha bega na kumsukuma upande. Baadaye nilifundishwa kwamba mzee akisimama wima na kuacha mkono uning'inie, kichwa cha fimbo kinatakiwa kifike usawa wa kifundo cha mkono, chini iwe na mpira, na ishikwe kwa mkono ulio kinyume na mguu dhaifu. Sisi tulimshikisha upande ule ule wa goti bovu, kwa sababu ndivyo akili inavyokutuma.

Kosa la tatu lilikaribia kunigharimu zaidi. Nilisikia mazoezi yanasaidia wazee, nikaanza kumtoa asubuhi tutembee kwa haraka barabarani. Siku ya nne alijikwaa kwenye shimo, nikamdaka kwa bahati. Kumtembeza kwa kasi mtu ambaye miguu na usawa wake vimeshalegea ni kumwongezea nafasi za kuanguka. Kutembea ni kuzuri, lakini kuna kazi ya kutangulia.

Kilichotuokoa kilianzia kwa daktari mmoja aliyefanya jambo dogo sana. Alimpima Mama presha akiwa amelala, akamwambia asimame, akampima tena. Namba ya juu ilitoka 148 ikashuka 122. Akasema ikishuka kwa 20 au zaidi mtu anaposimama, kizunguzungu na kuanguka si ajabu. Akataka kuona dawa zote. Nilimwaga mfuko mezani, na humo mlikuwa na vidonge vya presha vya aina moja vyenye majina mawili tofauti, kutoka zahanati mbili, Mama anakunywa vyote, pamoja na kidonge cha usingizi alichopewa wakati mkono ukimwuma na hakuna aliyemwambia aache. Daktari alipanga upya. Naomba mtu asisome hapa akamwachisha mzazi wake dawa nyumbani, kwani presha iliyoachwa bila dawa nayo inaua. Chukua mfuko wote, hata vidonge vya zamani, umpelekee daktari avione kwa pamoja. Pia aligundua mtoto wa jicho upande wa kulia, tukapangiwa upasuaji uliofanyika mwaka uliofuata.

Yeye ndiye aliyetuelekeza kwa kijana wa mazoezi tiba. Alikuja nyumbani, akaamkia, "Shikamoo Mama," akaitikiwa, "Marahaba mwanangu," akakaa kwanza kwenye mkeka kunywa chai kabla ya kugusa mguu wa mtu. Kisha akaomba kiti cha kawaida cha mbao, akakiegemeza ukutani kisiteleze. Akamwambia Mama akunje mikono kifuani, asimame na kukaa, asimame na kukaa, kwa sekunde 30. Mama alisimama mara nne, ya tano akarudi chini. Kwa mwanamke wa umri wake, chini ya mara 10 ni dalili ya udhaifu. Kisha akapima mita tatu kwa futi, akaweka alama kwa chaki: inuka kitini, tembea mpaka kwenye alama, geuka, rudi, ukae. Ukifika sekunde 12 au zaidi, upo kwenye hatari ya kuanguka. Mama alitumia 23.

Halafu akaangalia kile kiti cha sponji na kuuliza nani amekinunua. Nikasema mimi. Akaniambia kwa upole, "Dada, mlimpumzisha mpaka miguu ikasahau kazi yake." Nililia jikoni. Sikulia kwa sababu ya kulaumiwa. Nililia kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu miezi yote ile Mama alikuwa anatutii ili asituvunje moyo.

Akamwuliza Mama anataka nini. Hakusema "kupona". Alisema anataka vitu viwili: kusujudu, na kukuna nazi yake mwenyewe. Kijana akaandika hivyo viwili juu ya karatasi, na mazoezi yote yakapangwa kuelekea huko. Ukiniuliza jambo gani lilimfanya Mama asikate tamaa wiki ya pili, nitakwambia ni lile swali.

Mazoezi yenyewe yanatokana kwa sehemu kubwa na programu iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, miaka ya 1990, kwa ajili ya wazee wanaofanya mazoezi majumbani mwao, wengi wao wakiwa na miaka 80 na zaidi. Ni nusu saa, mara tatu kwa wiki, kuimarisha miguu na kurudisha usawa wa mwili, na siku nyingine kutembea kadiri mtu anavyoweza. Kule walikojaribu, kuanguka kulipungua kwa takriban theluthi moja.

Kwetu ilikuwa hivi. Alianza kwa kujipasha moto, kuzungusha mabega na kupiga hatua pale pale alipo. Kisha akiwa amekaa, ananyoosha goti mpaka mguu uwe sambamba na sakafu, anashusha taratibu. Kisha anasimama nyuma ya meza ya chakula, ile nzito, ameishika kwa mikono miwili. Anapanda juu ya vidole na kushuka, anainua vidole na kubaki na visigino, anapeleka mguu pembeni na kuurudisha, anakunja goti kupeleka kisigino nyuma. Kila moja mara 10, anapumzika dakika moja au mbili, anarudia. Kusimama na kukaa kitini bila mikono. Kutembea kiubavu pembeni ya meza. Na mwisho kutembea kisigino mbele ya vidole, kama anayepima kiwanja kwa nyayo. Sakafu ya ukumbi wetu ina ufa mrefu wa tangu nilipokuwa mdogo, na huo ufa ukawa ndio njia yake. Mimi natembea ubavuni, mkono wangu mgongoni kwake bila kumgusa.

Kuhesabu kulimchosha kuliko mazoezi. Anafika sita, anasahau. Yeye mwenyewe akapata dawa: kila akipanda juu ya vidole anasema Subhanallah, na tasbihi ipo juu ya meza anasogeza punje. Tangu hapo hakupoteza hesabu tena.

Haya huitwa mazoezi mepesi, na wepesi wake ni kwamba hayamtoi mtu jasho jingi wala hayataki vifaa. Lakini usiyageuze kuwa ya starehe. Hapa tulikosea karibu mwezi mzima: nilimwacha Mama aishike meza kwa nguvu zake zote kila siku, kwa sababu niliogopa. Kijana alipokuja akasema meza ndiyo inayofanya mazoezi. Usawa haurudi mpaka mwili ulazimike kuutafuta. Basi tukatoka mikono miwili tukaenda mmoja, kutoka mmoja tukaenda vidole viwili, kisha mkono ukawa unaelea juu ya meza, tayari kushika. Ilituchukua wiki saba kufika hapo.

Kosa jingine langu ni haraka. Alitakiwa kuongezewa uzito kidogo mguuni, nikashona vifuko kutoka kwenye mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, nikajaza mchanga. Kijana alisema nusu kilo. Mama alifanya vizuri siku mbili, nikaongeza ikawa kilo moja na nusu. Kesho yake goti la kulia likavimba, tukapoteza siku tisa. Misuli kuuma kidogo siku ya pili ni kawaida. Goti kuvimba, kifua kubana au kizunguzungu ni kusimama hapo hapo na kumwona daktari.

Wiki ya tano Mama alikataa. Alikaa kwenye kiti akasema, "Nimezaa wanne, nimewatembeza wote, leo mimi nafundishwa kusimama?" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Sikujua la kusema, nikakaa chini miguuni kwake. Nikamwambia mimi ndiye niliyemkalisha, na ninamwomba radhi. Tulikaa kimya muda mrefu. Siku ile hatukufanya mazoezi. Kesho yake, kabla sijaamka, nilimsikia anakokota kiti cha mbao mpaka ukutani.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile ya kujifunza kuinuka kutoka chini. Watu wengi wanafundisha kutokuanguka tu, na mzee akianguka anabaki pale. Tulitandika mkeka na godoro jembamba, kiti kizito pembeni. Kijana alimshusha taratibu, akamwambia alale. Nilimwona Mama akitazama dari kwa macho yale yale ya Agosti. Kisha maelekezo, moja moja: Usikurupuke, vuta pumzi, jikague kama kuna panapouma. Geukia ubavu. Jisukume kwa kiwiko. Sasa piga magoti, mikono chini, kama mtoto anayetambaa. Tambaa mpaka kwenye kiti. Weka viganja juu ya kiti. Mguu wenye nguvu mbele, unyayo ukanyage. Sukuma. Geuka, kaa. Mara ya kwanza ilichukua dakika sita, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka kuliko yake. Alipokaa juu ya kile kiti aliangalia mkeka ule chini, akasema, "Basi kumbe ni hivi." Akaomba arudie.

Wiki ya kumi na moja alisujudu. Sikumwona, aliniambia tu baada ya magharibi, huku anakunja msala.

Katikati ya hayo tulirekebisha nyumba, na hapa sitasema mengi kwa sababu ni mambo ya wazi ukishayaona. Fundi aliweka bomba la chuma ukutani bafuni na jingine kando ya choo, shilingi 65,000 pamoja na kazi. Balbu mbili za kuchaji, moja chumbani na moja ukumbini, 12,000 kila moja, zinawaka zenyewe umeme ukikatika. Ile ngazi ya kuingia uani tuliipaka rangi nyeupe ukingoni. Mikeka inayojikunja kona tuliiondoa njiani. Kandambili tukabadilisha kwa viatu vya raba vyenye kushika kisigino. Kiti cha sponji nilikipeleka barazani kwa wageni.

Kijana alikuja mara nane kwa miezi minne, 25,000 kila safari, jumla 200,000. Ni karibu sawa na ule unga wa mifupa. Kama huna uwezo huo, waulize hospitali ya wilaya au ya mkoa kama kuna kitengo cha mazoezi tiba, uende hata mara mbili tu: mara moja wampime na kumpangia, mara ya pili wakague kama mnafanya sawasawa. Katikati, nyumbani mnaweza. Ila mara ya kwanza usimwanzishe mwenyewe kwa kusoma, hasa kama ameshaanguka, ana ugonjwa wa moyo au amewahi kupata kiharusi.

Nilipopata nafuu ya moyo nikaanza kusoma. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wa wanaokufa ni watu waliovuka miaka 60. Mapitio makubwa ya kitafiti yaliyotoka 2019, yaliyokusanya majaribio 108 na watu zaidi ya 23,000 katika nchi 25, yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa asilimia 23, na yanayofanya kazi zaidi ni yale ya usawa na ya kufanya kwa vitendo mambo ya kila siku: kuinuka, kukaa, kugeuka, kupanda ngazi. Nilisoma hayo nikaifikiria mbuzi iliyokuwa juu ya kabati. Kila siku kwa miaka 50 Mama alikuwa anakaa kwenye kile kibao cha chini na kuinuka, anainama, anageuka, ananyoosha mkono. Alikuwa na mazoezi yake. Sisi ndio tuliomnyang'anya.

Desemba 2022 kijana alimpima tena. Mara 11 kwa sekunde 30, na ile mita tatu sekunde 13. Sekunde bado zilikuwa upande wa hatari, na alimwambia ukweli huo bila kumpamba. Tukaendelea. Siku hizi majirani watatu huja Jumatano na Jumamosi baada ya alasiri, wanafanya pamoja uani, wameshika ukingo wa karo la kufulia. Mmoja ana miaka 81. Kufanya pamoja kumesaidia kuliko simu zangu zote za kumkumbusha, maana mtu asipokuja wanamfuata kwake. Miezi ambayo nimeona wamelegea ni ya mvua za masika, na Mama akilegea wiki tatu tu unaona mkono unarudi ukutani. Hili halina siku ya kumaliza.

Msichana wetu bado yupo, lakini kazi yake imebadilika. Anabeba maji mazito na kwenda sokoni. Nazi hagusi.

Ramadhani ya 2024 Mama alianguka tena, mara ya tatu, uani karibu na pipa la maji. Nilijua kwa sababu alinipigia simu mwenyewe mchana, sauti ya kawaida. Alitulia, akajikagua, akatambaa mpaka kwenye ukingo wa karo, akainuka. Goti lilichubuka. Nilimwuliza kwa nini hakumwita msichana, akasema alimwita, na alipofika alimkuta ameshakaa. Wiki iliyofuata nilikwenda Tanga na brashi ya waya, nikasugua ukungu wa kijani wote kwenye sementi kuanzia pipa mpaka mlango wa bafu, na sasa tunasugua kila mwezi.